Kosa la Ukurasa wa Thelathini na Nne

Juma lililopita nilirudisha ufunguo wa labo ya fizikia ya chuo chetu cha Bunia. Assistant mpya aliyeupokea aliniuliza kama kuna siri yoyote ya ile kufuli. Nikamwambia: inua mlango kidogo kwa goti, halafu zungusha. Akauliza, "Na kitu ingine, Mama?" Nikianza kueleza kwa mdomo tutazeekea pale mlangoni, yeye na mimi. Nikamwahidi nitaandika.

Basi wadogo zangu wa kazini, haya ndiyo maandishi. Kuhusu vyeo na mishahara msitafute humu. Vyeo vilikuja na karatasi, na karatasi panya walizipenda kuliko siye. Nitawaandikia juu ya sumaku moja, waya mmoja, binti mmoja wa Kpandroma, na kosa moja ambalo nililifundisha karibu maisha yangu yote ya kazi. Siku nilipogundua kosa hilo nilifurahi kuliko siku nyingine yoyote ya labo, na hata sasa nikikumbuka natamani kuinuka kwenye kiti.

Siku yangu ya kwanza, Muzee Lobho alinipokea akiwa amekaa juu ya sanduku la mbao. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa labo wakati huo, mtu mfupi, sauti kubwa, koti jeupe lenye mashimo ya asidi. Hakunisalimia. Alifungua sanduku akatoa sumaku ya umbo la kiatu cha farasi, nzito, rangi nyekundu imebanduka, na kwenye miguu yake miwili kimenasa kipande cha chuma.

"Masika," akasema, "hii sumaku iko muzee kunipita. Usiiweke hata siku moja bila chuma yake pa miguu. Ikilala peke yake inachoka, nguvu inapotea."

"Ndiyo, Muzee."

"Ndiyo ya kinywa ao ndiyo ya kichwa?"

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kuanza kazi. Yalidumu dakika mbili, na sumaku ile ina nguvu mpaka leo.

Muzee Lobho alifundisha kwa moto. Kila mwaka alichukua kipande cha springi ya kamio, yaani lori kuukuu, akakitia kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, na sumaku akaining'iniza karibu. Chuma kikiwa baridi, sumaku inakivuta. Kikifika wekundu fulani, sumaku inakiacha kabisa, inaning'inia kama haijawahi kukijua. Wanafunzi walipiga kelele. Halafu Muzee alikizamisha chuma kwenye maji, tssss, na kikatoka kigumu hata tupa haikikati. Akaeleza: ndani ya chuma, atomi zimepangwa kwa utaratibu, na utaratibu huo tunauita fuwele. Ukikipasha moto sana, atomi zinajipanga upya, fuwele inabadilika, na hapo hapo sumaku inakufa. Kwa hiyo, alisema, fuwele kubadilika ndiko kunakoua sumaku. Niliandika hivyo kwenye kaye yangu, daftari langu la masomo. Nani asingeandika? Nilikuwa nimeona kwa macho.

Halafu ikaja vita, na sitaieleza, mnaijua. Tuliporudi, labo ilikuwa haina madirisha wala meza. Mizani waliichukua, vioo walivivunja, meza zilipikia watu fulani ugali. Sumaku niliikuta kwenye kona chini ya plasta, bila kipande chake cha chuma. Nilipiga magoti nikalia. Nililia kwa ajili ya Muzee Lobho, kwa sababu yeye hakurudi, lakini mtu angeniona angesema huyu mama analilia chuma. Niliokota msumari mnene nikaubandika kwenye miguu ya sumaku, nikaifunga ndani ya kitenge, nikaenda nayo nyumbani Rwambuzi.

Masomo yalipoanza tena hapakuwa na kitabu hata kimoja. Mimi nilikuwa na kaye yangu tu. Niliichapisha ikawa silabusi, na mnajua silabusi kwetu ni nini: inapigwa fotokopi, fotokopi nayo inapigwa fotokopi, mpaka herufi zinafanana na wadudu, na bado watu wanaisoma kama Injili. Ukurasa wa thelathini na nne uliandikwa hivi: "Chuma hupoteza usumaku wake kwa sababu fuwele yake inabadilika." Niliupigia mstari chini, mara mbili. Wanafunzi wangu walienda kufundisha Kasenyi, Aru, Mahagi, Mambasa, kila mmoja na ukurasa wangu kwenye begi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya amani ile ya kwetu. Soko limejaa, ndoa zinafungwa, nyumba zinapigwa rangi, lakini kila nyumba ina begi moja limefungwa tayari nyuma ya mlango. Ndipo Lotsove alipofika. Wazazi wake walikuwa wakulima wa Kpandroma. Walishuka Bunia mashamba yalipochomwa, wakapanda tena kulipoonekana kumetulia, wakamwacha yeye kwa shangazi yake ili asome. Alikuwa mwembamba, mpole sana, na anauliza maswali kama mtu anayetoa mwiba: taratibu, lakini haachi.

Mwaka wake wa mwisho alikuja kuniomba nimwongoze kwenye mémoire, yaani kile kitabu cha kumalizia masomo. Nikamwuliza anataka kuandika juu ya nini. Nilitegemea paneli za jua, kila mtu aliandika juu ya paneli za jua.

"Supraconducteur za chuma, Mama Prof."

Nilicheka. Jamani, nilicheka vibaya. Hivyo ni vitu ambavyo ukivipoza sana, baridi kuliko barafu mara nyingi, vinapitisha umeme bila kuuzuia hata kidogo. Zamani tulifundishwa kwamba usumaku ni adui wa jambo hilo, na chuma ndicho baba wa usumaku. Sasa yeye ananiambia kuna vyuma, vilivyochanganywa na aseniki, ile sumu kabisa, ambavyo vinafanya kazi hiyo! Alikuwa amesoma makala kwenye cyber, ukurasa kwa ukurasa, umeme ukienda anarudi kesho yake.

"Ndani yake kuna nini cha ajabu?" nikamwuliza.

Akachukua chaki. "Mama, tuseme hii iko klasi. Madawati ndiyo fuwele. Batoto ndiyo sumaku, kila atomi ya chuma iko mutoto moja, na anaangalia pa upande fulani. Mu chuma ya kawaida, batoto yote banaangalia upande moja. Mu hii chuma ya baridi hapana: mustari moja unaangalia huku, mustari ingine unaangalia kule, njo maana kwa inje hausikie sumaku. Na angalia vile inafanyika. Kwenye joto madawati yako mu mraba mzuri. Unapoza, unapoza… mraba unavutika kidogo tu, unakuwa mustatili. Na pale pale, ao kidogo nyuma, batoto banajipanga mistari. Sasa nani anavuta mwenzake? Madawati yanasukuma batoto, ao batoto banasukuma madawati? Batu bakubwa ya dunia bako nabishana! Na ukizuia yote mbili, ukiweka dawa kidogo ya kuchanganya, pale umeme unapita bure!"

Alikuwa amesahau upole wake, chaki mpaka kwenye nywele. Nami nilikuwa nimesahau kucheka. Nikamwambia: andika.

Sura ya kwanza iliponifikia nilisoma mpaka mstari huu: "Katika chuma cha kawaida, usumaku hupotea kabla fuwele haijabadilika, mambo haya mawili yametengana, tofauti na vyuma vya baridi." Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika KOSA, nikarudisha.

Kesho yake alisimama mbele ya meza yangu.

"Mama, niko naomba kuelewa. Hapa umeandika kosa. Ju ya nini?"

"Angalia silabusi, page trente-quatre, thelathini na nne."

"Nimeangalia, Mama. Nazani njo silabusi iko na kosa."

Sitaficha: nilimfukuza. Nilimwambia Muzee Lobho alikuwa anashika chuma cha moto kabla baba yake hajajua kushika jembe. Wiki mbili hakuonekana. Nami niliona vibaya, kwa sababu nilijua kitu alichobeba. Chuo kimoja ng'ambo ya ziwa kilikuwa kimemwandikia barua ya kumkubali, kwenye labo ya kweli, yenye mashine za kupoza. Sharti lilikuwa moja: afike na diploma kabla masomo hayajaanza. Akikosa kikao hiki cha mitihani, nafasi inapewa mwingine, na yeye anapanda Kpandroma kulima, kama kutakuwa kumetulia kulima.

Aliporudi hakuja na makala. Alikuja na rola ya waya mnene wa chuma, ule laini wa kufungia nondo za nyumba. "Mama, tafazali, twende kwa Paluku. Dakika moja. Na ulete sumaku."

Paluku ni suderi, fundi wa kuchomelea, atelier yake, yaani karakana, iko ng'ambo ya barabara kutoka chuoni kwetu. Walikuwa wamekwisha kutengeneza kila kitu. Waya umevutwa kati ya vyuma viwili, katikati yake imening'inizwa nati nzito kidogo, na pembeni pameachwa nafasi ya sumaku yangu, karibu na waya lakini isiuguse. Paluku akawasha groupe, jenereta yake, akaunga nyaya za mashine yake ya kuchomelea kwenye ncha mbili. Waya ukaanza kunguruma, ukawa mweusi, mwekundu, mpaka rangi ya chungwa. Nati ikashuka kwa sababu waya umerefuka.

"Kata!" akasema Lotsove. "Mama, usiangalie miye. Angalia nati."

Waya ulianza kupoa, ukajivuta, nati ikapanda polepole. Halafu, haki ya Mungu, nati ikaanguka kidogo ghafla, tik! na waya wenyewe ukang'aa tena, bila umeme wowote, kama mtu amepuliza makaa. Halafu nati ikaendelea kupanda.

"Ile njo fuwele imerudi," akasema. "Sasa angalia sumaku. Imeshika?"

Haikuwa imeshika. Waya ulikuwa unapita mbele ya sumaku bila habari nayo.

"Moja," akahesabu Lotsove. "Mbili. Tatu…"

Wekundu ukafifia, na waya ukaruka, tap! kwenye sumaku.

Nilipiga kelele. Paluku anasema nilipiga kelele kama mtu aliyenyang'anywa simu. Rudia, nikasema. Akarudia. Tik, moja, mbili, tatu, tap. Rudia! Kama fuwele ndiyo inayoua sumaku, zingepaswa kurudi pamoja. Haya, yalikuwa mambo mawili! Madawati yalikwisha kurudi mahali pake na watoto bado wanatazama ovyo! Nilimkumbatia yule binti, nikamkumbatia na Paluku, mafuta ya mashine yakabaki kwenye kitenge changu cha Jumapili mpaka leo.

"Madame," akasema Paluku, "siye basuderi tunaonaka hii kila siku. Hamutuulizaka."

Na Muzee Lobho? Nilimfikiria njiani. Yeye alitumia springi ya kamio, kwa sababu ndiyo iliyokuwako. Springi ina kaboni nyingi, na kwenye chuma cha namna hiyo mambo mawili yanatokea karibu kwa pamoja, jicho haliwezi kuyatenga. Aliona vizuri. Lakini aliona kwenye chuma kile tu, na mimi nikaandika kwa vyuma vyote na kupigia mstari mara mbili. Kwa hiyo kosa lilikuwa langu.

Sasa sikilizeni ubaya wangu. Nilifuta neno KOSA kwenye mémoire yake. Silabusi sikuigusa. Nilijiambia nitairekebisha baada ya kikao, kimyakimya, kwenye toleo jipya. Niliona haya, basi. Watu wote wa fizikia hapa Ituri walikuwa wamepita kwenye ukurasa ule.

Siku ya kutetea mémoire ilifika. Ukumbi umejaa. Mama yake Lotsove alikuwa ameshuka kutoka Kpandroma juu ya kamio ya viazi, amekaa mstari wa mbele, na ndani ya kanga ameficha kopo la poda ya kumwagia binti yake akishinda, vile desturi yetu inavyotaka. Lotsove alieleza vizuri mno. Halafu akasimama lecteur, mwalimu ambaye kazi yake ni kuisoma mémoire na kuitafutia makosa. Alikuwa Innocent, mwanafunzi wangu wa zamani, aliyefundisha kwanza Kasenyi kabla ya kuja kwetu. Mtu wa haki, lakini mkavu.

"Candidate," akasema, "sura yako yote ya pili imejengwa juu ya kitu moja: kwamba mu chuma ya kawaida usumaku na fuwele vimetengana. Hii haiko kosa ndogo, iko msingi. Mutoto wa sekondari anajua kama haiko vile." Akainua juu silabusi yangu, fotokopi ya zamani, kona zimeliwa. "Page trente-quatre. Napendekeza mémoire irudishwe, atetee kikao kinachokuja."

Kikao kinachokuja! Lotsove alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, na afadhali angekasirika. Angeweza kusema, "Mama Prof mwenyewe ameona waya." Hakusema. Alinilindia heshima yangu, yeye ambaye maisha yake ndiyo yaliyokuwa mezani. Na mstari wa mbele nikaona mama yake, asiyejua fizikia ya jury, wale walimu watahini, lakini anajua nyuso, akirudisha kopo la poda ndani ya mfuko, taratibu, asisikike.

Kwetu mwongozaji haongei mpaka apewe neno. Nilisimama bila kupewa.

"Président wa jury, nisamehe. Ule ukurasa niliuandika miye. Una kosa. Binti huyu alinionyesha, na nilinyamaza ju ya haya."

Innocent akavua miwani. "Mama, unamuhurumia. Siye wote tunakujua."

"Simuhurumii. Vukeni barabara mukaone."

Na wakavuka! Jury nzima na majoho yao meusi kwenye vumbi jekundu, piki-piki zinasimama kutushangaa, mama Lotsove nyuma, shangazi nyuma yake, na mimi mbele nimebeba sumaku kama mtoto mchanga. Mara ya kwanza waya ulikatika, Paluku alizidisha moto kwa kutaka kuwafurahisha wakubwa. Lotsove akafunga waya mwingine. Innocent akaomba asimame yeye mwenyewe karibu na sumaku.

Nati ikaanguka. Waya ukang'aa.

"Imeshika?" akauliza Lotsove.

"Haijashika," akasema Innocent.

"Moja. Mbili. Tatu."

Tap!

Innocent alikaa ameinama pale muda mrefu. Alipoinuka, macho yake yalikuwa ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. "Rudia," akasema, nikajua tumeshinda.

Poda ilimwagwa palepale kwa Paluku, ikashuka juu ya majoho na juu ya groupe, na mama yake Lotsove alipiga vigelegele mpaka akakohoa. Mimi nililia tena, na safari hii watu wote waliniona. Baada ya wiki mbili binti alipanda boti Kasenyi kuvuka ziwa, diploma ndani ya plastiki, kifuani. Innocent alikuja labo na fotokopi yake. "Mama, futa weye mwenyewe. Miye nimewafundisha watoto wa Kasenyi ile kitu nikiwa na hakika." Nikafuta kwa kalamu nyekundu. Tangu siku ile, kila aliyekuja na silabusi yake nilimfutia, na wengine walisafiri kwa ajili hiyo tu.

Nilidhani hadithi inaishia hapo. Lakini mwezi uliopita, nimekwisha kustaafu, nikiwa nyumbani napanga vitu vya labo vya kurudisha, simu ikalia. Lotsove, kutoka huko kwenye mashine zake za baridi, anaongea mbio mpaka maneno yanagongana.

"Mama Prof! Unakumbuka mu mémoire yangu niliandika kama mu hizi vyuma zote, fuwele ikishabadilika, sumaku lazima inafuata nyuma? Page quarante et un! Mama, nimeona moja, iko ya chuma na seleni tu, nimepima na mikono yangu. Fuwele inabadilika, na sumaku haikuje! Nimengoja, nimepoza tena, nimepoza mpaka mwisho. Haikuje kabisa! Na umeme unapita bure hata vile!"

"Yesu wangu! Na sumaku iko wapi?"

"Hatujue! Hakuna mutu anajua! Mama, tafazali, mémoire yangu iko mu bibliothèque. Banafunzi bako naisoma. Enda unifutie."

Nilikwenda siku hiyo hiyo, mchana, jua kali, kutoka Rwambuzi kwa miguu kwa sababu sikuweza kungoja piki-piki. Mtunza vitabu akaniambia, "Mama Prof, si umeisha kustaafu?" Nikamwomba kiti. Nikafungua ukurasa wa arobaini na mmoja. Alikuwa ameupigia mstari chini, mara mbili. Nikatoa kalamu nyekundu.